Uso Wangu Kwenye Bango la Chaneli 12

Mnaonisoma tangu mwanzo mnajua tayari kwamba mimi ni mwongo. Kwa aliyefika leo nieleze kwa kifupi, halafu tuendelee na aibu yangu.

Naitwa Maureen Tollefson. Kwa miaka ishirini na sita nilisoma habari za saa kumi na mbili jioni kwenye Chaneli 7, mjini Weller, jimbo la Iowa. Mume wangu Arlo alikuwa fundi mkuu wa mitambo hapo hapo. Mimi nilikaa mbele ya kamera, yeye nyuma ya kioo, na kila jioni sauti yake ilikuwa sikioni mwangu kupitia kile kidude kidogo tunachovaa watangazaji.

Kituo chetu kilikuwa kidogo. Habari za mji tulizitengeneza wenyewe. Michezo, tamthilia na yote makubwa tuliletewa na shirika moja la New York, sisi tukayarusha. Mkataba ule ndio uliokuwa roho yetu. Kisha watu wakaanza kukata kebo na kuhamia intaneti, nyumba baada ya nyumba, na wale wa New York wakaanza kututazama kama mgonjwa aliyekaa kitandani muda mrefu mno.

Agosti, bosi alitukusanya studio akatangaza. Kuanzia tarehe mosi Septemba shirika linahamia kwa wapinzani wetu, Chaneli 12. Sisi tutabaki kurusha sinema za zamani. Chumba cha habari kinafungwa. Watu arobaini na mmoja, kwaherini.

Wote walilia. Nami nililia, na Arlo akanifuta machozi kwa mkono wa shati lake.

Hakujua kwamba tangu Juni nilikuwa nimesaini na Chaneli 12. Walinitaka mimi peke yangu, kwa sharti kwamba nifunge mdomo. Nikaufunga.

Na wiki moja baada ya kusaini, Arlo alipokuja mbio jikoni kuniambia amepata kazi nzuri mjini Omaha, jimbo la jirani, nilimwambia aikatae. Aliikataa.

Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti tulikwenda kula mchana kwa mama yake.

Mama Inga alikuwa na miaka themanini na minane. Aliishi peke yake shambani, nyuma ya kilima, na televisheni moja ya antena. Kebo hakuwahi kuwa nayo, kwa hiyo hakuwa na cha kukata. Alitupikia mahindi mabichi na nyama ya kuoka, akakaa, akaniangalia.

"Sasa kuanzia Septemba nikutafute wapi?"

"Mama, kipindi kinaisha."

"Kinaisha kwa nani?"

Arlo akaingilia. "Kwa wote, Mama. Shirika linakwenda Chaneli 12, na Chaneli 12 huku haishiki. Kilima kinaziba. Nimejaribu antena tatu."

"Sijaulizia Chaneli 12. Nauliza mke wako." Alinisogezea siagi. "Tangu mzee afariki sijala chakula cha jioni peke yangu hata siku moja. Ikifika saa kumi na mbili nakaa hapa. Wewe unaongea, mimi nakula."

"Lakini Mama, nilikuwa naongea na mji mzima."

"Mji mzima mimi sikuuona. Nilikuona wewe."

Nikainuka nikajifanya naenda kuchukua maji.

Njiani kurudi, Arlo aliendesha polepole. Mkono wake mmoja ulikuwa kwenye usukani, mwingine juu ya goti langu.

"Unajua, Reenie, kuna siku najilaumu kuhusu Omaha."

Nikageuka kutazama mahindi nje ya dirisha.

"Halafu nafikiri tena. Ningekwenda, haya yangekukuta hapa peke yako. Afadhali ulinizuia, bwana. Afadhali tumeangukiwa wote wawili."

Wasomaji, nilikuwa na nafasi. Barabara ilikuwa tupu, mume wangu alikuwa mpole, jua la mchana lilikuwa linawaka. Nilifungua mdomo nimwambie.

Tukafika kwenye njia panda ya barabara kuu.

Pale kuna bango kubwa, lile ambalo huwekwa matangazo ya trekta. Wafanyakazi wawili walikuwa juu ya ngazi wanabandika tangazo jipya, wakianzia chini. Walikuwa wamefika katikati. Palionekana shingo ya mwanamke, kidevu, na tabasamu.

Arlo alipunguza mwendo.

"Hilo tabasamu nalijua," akasema, akacheka kidogo. "Anafanana na..."

Hakumalizia. Akaegesha gari pembeni ya barabara.

Tulikaa pale tukitazama. Wale vijana wa watu hawakuwa na haraka. Walipandisha karatasi, wakalainisha kwa brashi. Pua ikatokea. Wakashuka, wakasogeza ngazi, wakapanda tena. Macho yakatokea. Mwishoni wakabandika maandishi: MAUREEN SASA YUKO NYUMBANI. CHANELI 12.

Waliniahidi kwamba bango halitatoka kabla ya Septemba. Waliniapia.

"Tangu lini?" Arlo akauliza. Bado alikuwa anatazama bango.

"Arlo, nisikilize kwanza..."

"Nimeuliza tangu lini."

"Juni."

"Juni mwanzoni au mwishoni?"

Nilijua anachokitafuta. Nilitamani nidanganye hata hapo.

"Mwanzoni," nikasema. "Kabla ya Omaha."

Aliondoa mkono kwenye goti langu. Hakuutoa kwa hasira. Aliutoa kama mtu aliyegundua ameshika kitu kisicho chake.

"Yule bwana wa Omaha aliniuliza kwa nini nakataa," akasema. "Unajua nilimjibu nini?"

"Arlo, tafadhali."

"Nilimwambia, mke wangu hawezi kuwaacha wenzake. Hivyo hivyo. Nilijivuna kabisa. Mke wangu hawezi kuwaacha wenzake."

Alinifikisha nyumbani. Akaingia, akachukua wembe wake, mashati manne na viatu vya kazi, akarudi kwa mama yake. Mlango hakuubamiza. Ningefurahi angeubamiza.

Jumatatu niliingia kazini kama mtu anayeingia msibani akijua yeye ndiye aliyeua.

Mji mzima ulikuwa umeliona bango. Kituoni hakuna aliyenitukana. Dada wa mapokezi alinisalimia huku anatazama kalenda. Kikombe changu cha kahawa nilikikuta kimewekwa ndani ya boksi mezani pangu, na boksi limeandikwa kwa kalamu nene: CHANELI 12, LIKIFIKA LIFUNGULIWE KWA UANGALIFU.

Aliyeandika ni Clayton Briggs, mwenzangu wa meza ya habari. Miaka kumi na tisa tumekaa bega kwa bega. Alikuwa mtu wa utani, na hata siku ile aliniletea utani kwanza.

"Hongera, mama. Rangi yao ni ya buluu. Itakupendeza, itaficha haya."

"Clayton, naomba nikueleze."

"Unieleze nini? Umepata kazi. Mimi siwezi kumchukia mtu kwa kupata kazi." Aliketi, akavua miwani. Utani ukamwisha usoni. "Siku ile ya tangazo ulinikumbatia. Unakumbuka? Ukasema, Clay, tutatafuta pamoja."

"Nakumbuka."

"Nikaandika barua ya kuomba kazi Chaneli 12. Nikakuletea uisome. Ukaisoma, Maureen! Ukanirekebishia sentensi. Ukaniambia mwisho umekaa vibaya, niongeze kwamba napenda kufanya kazi na timu."

Kweli nilimwambia hivyo.

"Hawakunijibu hata mstari mmoja," akasema. "Mke wangu kila asubuhi anakwenda kufungua sanduku la barua. Bado anakwenda."

Jioni ile tulisoma habari pamoja. Alinitabasamia penye kutabasamu. Taa ya kamera ilipozimika, alisogeza kiti chake.

Na sikioni mwangu, Arlo alizungumza namba tupu za kutuingiza hewani. Tatu. Mbili. Moja. Jina langu hakulitaja, wala kesho yake.

Nataka mniamini kwa hili ninalosema sasa, ingawa sijawapa sababu ya kuniamini kwa lolote.

Jumatano asubuhi niliamka nimeamua. Niliandika barua kwa mkono wangu. Niliandika kwamba navunja mkataba na Chaneli 12, kwamba nitaondoka Chaneli 7 pamoja na wenzangu siku ya mwisho, na kwamba walitoe bango. Niliitia sahihi na tarehe. Niliona wepesi kifuani ambao sikuuona tangu Juni. Nikaendesha hadi Chaneli 12 kabla ya saa sita mchana, nikaegesha mbele ya mlango wao. Barua ilikuwa mkononi.

Simu ikalia.

Alikuwa Paige Harmon, meneja wao, yule mwanamke aliyenisainisha.

"Maureen, uko wapi?"

"Nipo nje hapo kwako. Nakuja kuonana nawe."

"Uko nje? Nje ya jengo letu?" Nikasikia mlango ukifungwa. "Basi usiingie, mpenzi. Nitakuambia hapa hapa kwenye simu, itakuwa rahisi kwa wote."

"Kuniambia nini?"

"Wenye kampuni wameamua. Habari hazitatengenezwa Weller. Zitatengenezwa Texas, studio moja kwa miji kumi na minne. Watangazaji ni wa kule kule. Pole sana, sikuwa na usemi."

"Na mimi?"

"Mkataba wako una kile kifungu cha kusitisha kabla ya kuanza. Ulikisoma?"

Sikuwa nimekisoma. Nilikuwa nimeangalia ukurasa wenye picha yangu.

"Na bango?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza bango.

"Litaondolewa wiki ijayo. Au ile nyingine. Ni suala la wale wenye ngazi."

Akakata.

Nilibaki ndani ya gari na barua yangu ya kishujaa mapajani. Dakika tano tu! Ningefika dakika tano mapema ningekuwa mwanamke aliyeacha kazi kwa ajili ya mume wake. Sasa nilikuwa mwanamke aliyefukuzwa kabla hajaanza. Nani angeniamini kwamba nilikuwa nimeshaandika? Mimi mwenyewe ningesimuliwa hivyo, ningecheka.

Nilicheka. Kisha nililia mpaka mlinzi wao akaja kugonga kioo kuuliza kama nataka maji.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja shambani kwa Mama Inga. Nilikuwa nakwenda kumwambia Arlo yote. Barua, simu, Texas, yote. Naapa.

Nilimkuta juu ya paa. Alikuwa anajaribu antena ya nne, aizungushe ikwepe kilima. Mama yake alikuwa ndani, anapaza sauti dirishani: "Chenga! Bado chenga! Sasa naona mtu, lakini hana kichwa!"

"Arlo," nikaita kutoka chini. "Mimi na Chaneli 12 tumeachana."

Hiyo ilikuwa kweli, si ndiyo? Kila neno lilikuwa kweli.

Aliacha kuzungusha. "Umesemaje?"

"Tumeachana. Siendi."

Alishuka ngazi polepole. Akasimama mbele yangu, mikono imejaa kutu. Aliiona barua mkononi mwangu, akaichukua. Akaisoma mara mbili, midomo yake ikitikisika kwenye ule mstari wa wenzangu.

"Umeiandika wewe hii?"

"Mimi."

"Leo?"

"Leo asubuhi."

"Umewaachia kazi." Sauti yake ilikatika. "Reenie. Kwa ajili yangu?"

Hapo ndipo pa kusema. Hapo hapo, kati ya ngazi na mlango wa jikoni. Nilikuwa na pumzi, nilikuwa na maneno. Lakini alikuwa ameniita Reenie. Siku nne nilikuwa sijasikia jina hilo, na nilifikiri nikisema neno moja zaidi sitalisikia tena.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Alinikumbatia akanichafua kutu mgongo mzima. Nilimsikia analia begani kwangu, mwanamume ambaye hata tulipomzika baba yake alishughulika na kubeba viti. Mama Inga alitoa kichwa dirishani.

"Mmepatana? Haya, ingieni mnywe kahawa. Na hiyo antena muiache, inanionyesha mizimu."

Arlo alirudi nyumbani siku hiyo. Mashati manne yakarudi kabatini.

Mngedhani ningetulia. Lakini Arlo alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hanyamazi.

Ijumaa, siku ya mwisho ya Chaneli 7, niliingia kituoni nikapokewa kwa makofi. Watu wote walisimama. Dada wa mapokezi alinishika mashavu akanibusu. Mezani palikuwa na keki, na juu yake wameandika kwa sukari nyeupe: ALIYEBAKI.

"Arlo ametuambia," akasema Clayton. Macho yalikuwa mekundu. Kikombe changu kilikuwa kimetolewa kwenye boksi, kimeoshwa, kimejazwa kahawa. "Nisamehe, Maureen. Nilikusema vibaya. Nimemwambia mke wangu pia, akasema nikuombe radhi mbele za watu."

"Clayton, hapana. Usiniombe radhi."

"Nyamaza wewe. Umeitupa kazi, na bango juu! Mimi nisingeweza."

Nilikata keki. Nilikula. Sukari ilikuwa kama mchanga.

Nilijiambia, baada ya kipindi. Kikiisha tu, nitamchukua Arlo pembeni nimwambie. Nusu saa tu nivuke. Nilikuwa nimejiambia maneno kama hayo tangu Juni.

Waongozaji wa kipindi walikuwa wameshapata vibarua kwingine wakaondoka, kwa hiyo Arlo mwenyewe ndiye aliyeongoza jioni ile. Saa kumi na mbili taa nyekundu ikawaka. Nikasoma habari za daraja, za mavuno, za shule zinazofunguliwa. Nilijua Mama Inga amekaa, sahani iko mbele yake, nikajitahidi kutazama kamera vizuri.

Ilipobaki sehemu ya kuaga, nilikuwa na karatasi fupi ya kusoma. Clayton akaweka mkono juu yake.

"Watazamaji," akasema, na hili halikuwa kwenye mpango, "kabla hatujaaga, kuna jambo mnapaswa kulijua. Wengi wenu mmeona bango pale njia panda. Mmempigia simu mwenzangu huyu mkamwita msaliti. Hata mimi nilimwita hivyo. Nataka mjue kwamba Maureen Tollefson alikuwa na kazi Chaneli 12 na wiki hii ameikataa, kwa hiari yake, kwa sababu hakutaka kuondoka peke yake akatuacha."

Wapiga kamera walianza kupiga makofi. Wakati wa kipindi, hewani! Sijawahi kuona.

"Maureen," Clayton akanigeukia, machozi yanamtiririka kwenye poda, "waambie mwenyewe. Waambie kwa nini."

Nilitazama kwenye kioo, nimtafute Arlo. Alikuwa na simu ya mezani sikioni. Alikuwa amesimama.

Kisha sauti yake ikaingia sikioni mwangu, ndogo, tulivu.

"Maureen. Kuna mwanamke hapa kwenye simu, anaitwa Paige Harmon. Anasema simu yako imezimwa. Anasema watu walioona bango wamesikia huji, wamelalamika mno, wenye kampuni wamebadili mawazo, wanakutaka."

Clayton alikuwa ananisubiri. Mji ulikuwa unanisubiri.

"Anasema anaomba radhi," Arlo akaendelea, "kwa namna alivyokuachisha kazi Jumatano. Kwenye simu. Ukiwa nje kwenye gari, unakwenda kuwaona."

Nilimtazama. Yeye hakuwa ananitazama. Aliirudisha simu mahali pake taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akainama kwenye mitambo, akabonyeza vitufe viwili.

"Nimeondoa matangazo yote ya biashara," akasema. "Una dakika nne hadi tuzime. Sema unachotaka."

Akavua vifaa vya masikioni, akaviweka mezani, akatembea kuelekea mlangoni.